Kisu cha Baba na Povu la Mjomba Kingori

Aibu yetu ilianzia Chaka, kwenye ruracio, sherehe ya mahari ya binamu yangu, siku baba alipompa mzee wa wakwe sikio la mbuzi.

Asiyejua mila zetu atauliza, kwani sikio lina nini? Sikio ni la wasichana wadogo. Wanapewa, wanakwenda kulitafuna nyuma ya nyumba huku wakichekacheka. Mzee mwenye kofia, fimbo na wajukuu wa kujaza lori hapewi sikio. Baba alilikata vizuri, maana hajui kukata vibaya, akaliweka kwenye sahani, akamnyooshea mzee yule kwa mikono miwili akidhani anampa kipande cha paja. Mzee alilitazama lile sikio, akamtazama baba, kisha akauliza kwa upole kama kuna jambo ambalo familia yetu ilitaka alisikie.

Watu walicheka. Baba hakucheka. Alikifunga kisu chake kwa gazeti, akaketi kwenye gari kabla hata chai haijaletwa.

Yalikuwa ni macho. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika yote mawili, na sisi sote tulijua, ila nani angethubutu kumwambia? Baba yangu, Mzee Theuri wa Endarasha, ndiye mkataji wa nyama wa Kieni yote. Sizungumzii mchinjaji, hao ni wengi. Nazungumzia yule anayesimama mbele ya meza watu wakiwa wametulia, anayejua kila kiungo kinaachia wapi na kila kipande ni cha nani, ili shangazi asinune na wakwe wasirudi kwao wakisema. Ana kisu kimoja chenye mpini wa pembe. Hakuna anayekigusa. Mimi mwenyewe nilikigusa nikiwa darasa la tatu na bado anakumbuka.

Baada ya Chaka, mialiko ikaanza kwenda kwa Mjomba Kingori, mdogo wake mama. Sasa, Kingori anakata nyama jinsi mtu anavyokata majani ya ng'ombe mvua ikianza. Mbuzi anatoka mezani hajulikani alikuwa na miguu mingapi. Baba angeweza kuvumilia kutoona. Kuambiwa kwamba Kingori ameshika kisu mahali fulani, hapana, hilo halikushuka kooni.

Katikati ya mambo hayo mimi nikapata mchumba.

Naitwa Nduta, nashona mapazia Ruring'u karibu na uwanja wa michezo, na umri wangu haukuhusu. Watu walikuwa wamekata tamaa na mimi. Kisha akaja Kithinji kutoka upande wa Meru kutengeneza pampu ya maji ya jirani, akaitengeneza siku moja, akawa anarudi wiki nzima kuiangalia. Ngurario, yaani harusi yetu ya kimila, ikapangwa Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Wazee wa ukoo wakamwambia baba kwamba baba wa bibi harusi huketi akahudumiwa, kwa hiyo Kingori atakata.

"Nimekaa kitako miaka ngapi nikingoja huyu aolewe?" baba akasema. "Nimechoka kukaa. Mbuzi ya Nduta nitakata mimi."

Basi ilibidi apate jicho, hata moja. Na hapo ndipo presha ilipotukalia kooni.

Kliniki ya macho mjini Nyeri walisema kazi yenyewe si kubwa, mtu anaingia asubuhi na jioni yuko kwake. Lakini walipompima presha walimtazama kama bomu. Wakampa vidonge, wakamwambia aache chumvi, wakampangia siku nyingine. Akarudi siku hiyo, presha iko juu vilevile. Wakaongeza dawa. Akarudi tena, imepanda zaidi.

"Mzee, hatuwezi kufungua jicho na presha kama hii," muuguzi alimwambia. "Tutakupatia siku moja ingine. Ukikosa hiyo, labda Novemba. Watu ni wengi."

Siku hiyo moja iliangukia wiki mbili kabla ya ngurario. Baba akiikosa, Kingori angekata mbuzi wangu, na mimi namjua baba yangu: asingekuja. Angesema ana ng'ombe mgonjwa. Ningeolewa huku yeye amejifungia zizini, na nilishaanza kulia kwa ajili hiyo usiku, mimi ambaye watu wanasema sina machozi.

Mama ndiye aliyeshangaa kuliko wote, kwa sababu chumvi ilikuwa imehama nyumbani kwetu. Tangu siku ya kwanza daktari aliposema, mama alibeba chumvi yote iliyokuwa jikoni akawapelekea ng'ombe. Tulikula viazi bila chumvi, sukuma bila chumvi, kuku wa Pasaka bila chumvi. Mchungaji alikula kwetu mara moja, na tangu siku hiyo akija anaombea getini. Baba alikuwa anasimama kwenye zizi akiwatazama ng'ombe wakilamba, akimeza mate, na mama alikuwa anamtazama baba kupitia dirisha la jikoni.

"Huyu analamba na ng'ombe," mama aliniambia kwa simu. "Hakuna njia ingine. Mimi nimetoa chumvi yote. Mchukue ukae naye huko Ruring'u, umchunge kama mtoto."

Ndivyo baba alivyokuja kwangu, zikiwa zimebaki wiki tatu kufika ile siku ya kliniki. Alikuja na mfuko mmoja, koti lake la kijivu ambalo havui hata jua likiwaka, na kisu ndani ya gazeti. Alikuja pia na malalamiko yake, ambayo tulikuwa tumeyasikia mpaka yakatuzoea.

"Hii dawa ya presha inaniwasha kifua," alisema akikaa. "Tangu wanipatie. Moto inatoka hapa, inapanda mpaka hapa." Akajishika chembe ya moyo, kisha koo.

"Baba, ni kiungulia. Unakula githeri usiku halafu unalala papo hapo."

"Githeri nimekula tangu nizaliwe. Hii moto ilikuja na dawa. Lakini nani anasikiliza mzee?"

Hakuna aliyemsikiliza. Nilimwekea kitanda.

Asubuhi nikiwa nachemsha chai nilisikia sauti kutoka barazani: chssssss. Nikadhani bomba limepasuka. Nikatoka mbio na kitambaa mkononi, nikamkuta baba amesimama ameelekea uwanjani, glasi mkononi imejaa povu mpaka juu, kidonge cha presha juu ya ulimi. Akainua glasi, akameza vyote pamoja bila kupumua. Kisha akacheua cheuo ambacho nina hakika walinzi wa uwanja walikisikia.

"Hiyo ni nini, baba?"

"Maji."

"Maji yanatoa povu?"

"Ya hapa Ruring'u ni mabaya," akasema. "Umekuwa ukikunywa haya maji miaka yote? Haiya, pole."

Mimi sina subira, na sijawahi kudai ninayo. Nilimvua lile koti. Kila mfuko ulikuwa na zile paketi ndogo za unga wa kuchemka, zile zinazouzwa kila kioski kwa ajili ya tumbo, zimeshikana moja baada ya nyingine. Nilizivuta mfukoni zikawa zinakuja tu, kama mtu anavuta utepe wa sherehe. Mfuko wa ndani ulikuwa nazo. Soksi zilikuwa nazo.

"Baba! Unakunywa hizi zote?"

"Si dawa hiyo. Ni limau. Angalia picha." Akaikaribisha paketi puani, akaipapasa mahali palipochorwa limau. "Ni matunda. Daktari mwenyewe alisema nikule matunda."

Nikamkalisha chini nikamhoji. Ikawa hivi: asubuhi anameza kidonge na povu, ili kidonge kishuke bila kuwasha. Baada ya chakula cha mchana, povu. Baada ya chakula cha jioni, povu. Na akimkumbuka Kingori ameshika kisu, moto unapanda, basi povu tena.

"Na unazitoa wapi?"

Akapapasa soksi zake. "Kingori huniletea kutoka Chaka. Alinionea huruma. Yeye pia anatumia."

Kusema kweli sikujua paketi zile zina ubaya gani. Nani husoma nyuma ya paketi? Nilichojua ni kwamba mtu mzima aliyeficha dawa kwenye soksi ana kesi ya kujibu, na nilitaka mtu mwenye koti jeupe amwambie mbele yangu. Nikampigia mama simu, na maduka yalipofunguliwa nikamshika baba mkono tukavuka barabara hadi duka la dawa la Judy.

Judy ni mfamasia, mzaliwa wa Chuka, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo. Hana haraka hata duka likijaa. Alimpa baba kiti, akampima presha, akaitazama mashine, akampima tena mkono wa pili. Kisha akaomba kuona vidonge vyake.

"Na hizi unakunywa kila siku, guka?" akauliza, akimwita babu kwa lugha yetu.

"Kila siku. Sijawahi kosa hata moja."

"Vizuri sana. Na kuna dawa ingine unatumia?"

"Hapana."

Nikakohoa.

"Hakuna kitu ingine unaweka kwa mdomo? Ya tumbo, ya mgongo, ya mitishamba?"

"Dawa, hapana," baba akasema, akikaza macho yake mabovu kwenye ukuta. "Niko na soda kidogo tu."

Nikasema ni nne, tano kwa siku, nikamwaga paketi juu ya meza. Zikafunika meza, nyingine zikaanguka chini. Wateja wawili waliokuwa nyuma yetu wakasogea ili waone vizuri.

Judy aliokota moja, akaigeuza nyuma, akaisoma taratibu huku kidole chake kikipita chini ya maandishi ambayo hata mimi mwenye macho mazuri niliyaona kama vumbi tu.

"Guka, umeambiwa uache chumvi, si ndiyo?"

"Nimeacha. Uliza ng'ombe."

"Hii inaitwa sodiamu. Ndiyo ile inafanya chumvi ipandishe presha. Kwa hii paketi moja iko nyingi sana. Wewe unakunywa nne, tano kwa siku. Afadhali ungekula hiyo chumvi ukasikia utamu."

Nilimwona baba anahesabu kichwani viazi vyote alivyokula bila chumvi tangu Aprili. Huruma ilinishika, ingawa hasira ilikuwa bado haijaondoka.

"Lakini iko na limau," akasema kwa sauti ya chini.

Wakati huohuo mama akaingia, amepanda gari la kwanza kutoka Endarasha, kitambaa kichwani kimeenda upande, kiondo begani. Alizitazama zile paketi juu ya meza. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Nilimweleza mara moja, na nusu yake alinimalizia mwenyewe.

"Mnaona?" aliwaambia wateja wote, hata wale waliokuja kununua dawa ya kikohozi. "Mnaona huyu mtu? Mimi napika kama niko matanga! Watoto wa watu wanakula kwangu wanalia! Mchungaji amenikimbia! Na yeye ako hapa anakunywa chumvi na glasi!"

"Mama Gikonyo..." baba alianza, akimwita kwa jina la kaka yangu.

"Usiniite. Mimi sijaweka chumvi hata punje moja. Hata punje! Daktari, shika, onja uone." Akatoa chupa ya mahindi na maharagwe kwenye kiondo, akaifungua, akamsukumia Judy kijiko. "Githeri ya huyu mzee. Onja kama kuna chumvi."

Judy angeweza kukataa, lakini kwetu hukatai chakula cha mama wa watu, na nadhani kwao Chuka ni vivyo hivyo. Akaonja. Akatafuna kidogo sana, kwa sababu hapakuwa na cha kutafuna.

"Kweli hakuna chumvi," akasema.

"Eeh! Mwambie!"

"Na imeiva sana. Maharagwe imelainika mpaka imekuwa uji. Unapikaje, mama?"

Mama hakuwa ameulizwa swali zuri kama hilo kwa miezi mingi. Uso ulimng'aa. "Gesi ni ghali, si unajua. Mimi naweka magadi. Kijiko moja ya mahindi, na ingine ya maharagwe. Kwa sukuma pia naweka kidogo, ikae kijani."

Judy akaweka kijiko chini polepole. Alionekana kama mtu anayetafuta njia ya kupita bila kukanyaga mguu wa mtu.

"Mama," akasema, "magadi pia ni sodiamu. Ni ndugu wa hii paketi."

Sijawahi kusikia mama yangu akinyamaza namna ile. Hata Gikonyo alipozaliwa, nasikia, alikuwa akiongea. Baba aligeuza kichwa taratibu kuelekea upande aliposikia ule ukimya ukitoka, na tabasamu likaanza kumpanda usoni, kidogo kidogo, mpaka akaonyesha meno yote aliyonayo.

"Kijiko moja ya mahindi," baba akasema. "Na ingine ya maharagwe."

"Nyamaza," mama akasema.

"Na ya sukuma, ikae kijani."

"Baba Gikonyo, nyamaza."

Wateja walikuwa wanacheka waziwazi sasa. Judy hakucheka. Alimwuliza baba moto wenyewe ulianza lini, na baba akamweleza kama alivyotueleza sisi mara mia: ulianza na ile dawa ya presha waliyompa kwanza. Judy akalichukua lile boksi la vidonge, akatikisa kichwa.

"Inaweza kuwa kweli. Hii dawa kwa watu wengine inalegeza mlango wa juu wa tumbo, asidi inapanda. Si kila mtu, lakini wengine."

"Rudia," baba akasema. "Rudia hiyo maneno, huyu msichana wangu na mama yake wasikie."

Judy akarudia. Ilibidi tusikie. Tulikuwa tumemwita mzee wa watu mlalamishi kwa miezi, naye alikuwa anatuambia ukweli mtupu.

Kisha Judy akatuambia la kufanya, na aliyaeleza kwa namna ambayo hata mama hakupata pa kuingilia. Povu, basi. Magadi, basi. Maharagwe yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yapikwe kwa maji mapya. Chakula cha jioni kiwe kidogo na kiliwe mapema, mtu asilale kabla hakijashuka, na kitanda kiinuliwe upande wa kichwani. Kidonge cha presha kimezwe na maji matupu, na kisiachwe hata siku moja kwa sababu ya kiungulia. Anayepanga kukibadilisha ni daktari. Akihitaji kitu cha kutafuna kwa ajili ya asidi, aje achaguliwe kisicho na sodiamu, na akitenganishe na kidonge cha presha kwa saa mbili au zaidi, kwa sababu vingine vikikutana tumboni kimoja humzuia mwenzake asifanye kazi.

"Na guka, kama moto inaenda kwa mkono ama taya, ama unakosa pumzi na kutoa jasho, usikuje kwangu. Hiyo enda hospitali mbio. Si kila moto ya kifua ni ya tumbo."

Kesho yake tulikwenda naye kwa daktari, tukabeba paketi moja kama ushahidi. Daktari akaisoma, akaguna, akambadilishia kidonge. Mama alirudi Endarasha peke yake bila kuniaga vizuri, na nasikia alibeba mkebe wa magadi akaupeleka mbali na nyumba, maana hata ng'ombe hakuwaamini tena.

Zile wiki zilikuwa ndefu. Nililala nikiota mashine ya presha. Kila asubuhi nilitega sikio barazani, na kila asubuhi nilisikia mzee akigugumia maji matupu na kusonya. Lakini ile namba ilikuwa inashuka. Siku ya kliniki ilipofika, muuguzi yuleyule alimpima, akatazama mashine, akampima tena. Nikanyoosha shingo nione ile namba.

"Mzee, ulifanya nini?"

"Niliacha limau," baba akasema.

Wakamchukua. Nililia kwenye benchi mbele ya watu na sikujali.

Walipofungua bandeji kesho yake, mama alikuwa amesimama mbele yake na kitambaa chake kipya. Baba alipepesa lile jicho. Akamtazama mama kwa muda, akatazama zile nywele zilizochomoza kwenye kitambaa.

"Kumbe zimekuwa nyeupe," akasema. "Lini?"

"Zilikuwa nyeusi kabla ya presha yako," mama akamjibu, lakini alikirekebisha kitambaa, na hakukificha kichwa.

Jumamosi ya ngurario baba alisimama mezani. Jicho moja wazi, lile la pili likingoja zamu yake. Sitaeleza alivyokata, kwa sababu sina maneno ya kutosha na nitaonekana najigamba. Alimwelekeza Kithinji wangu mahali pa kupitisha kisu alipokuwa akikata kiande, lile bega ambalo bwana harusi humkatia bibi harusi, na Mmeru wa watu akakata taratibu. Mbavu zilikwenda kwa akina mama. Masikio yalikwenda kwa wasichana wadogo, na baba aliwaita mmoja mmoja kwa majina yao, akiwatazama usoni.

Baada ya chakula nikawa namtumikia baba chai karibu na hema. Ghafla nikasikia: chssssss.

Alikuwa Mjomba Kingori, ameketi pembeni, glasi mkononi.

Baba alikwenda akasimama mbele yake. Nilijua anachofikiria, maana alikuwa amenieleza tangu Ruring'u: kwamba Kingori alimletea zile paketi makusudi ili presha isishuke, ili kisu kimwangukie. Alinyoosha mkono, akachukua paketi kutoka gotini kwa Kingori, akaigeuza nyuma, na akasoma mwenyewe, herufi kwa herufi.

"So-di-a-mu. Umeona? Imeandikwa hapa. Soma."

Kingori akaishika. Akaiweka mbali, akaileta karibu, akaielekeza kwenye jua.

"Siku hizi wanaandika kidogo sana," akasema.

Baba aliinama akamtazama usoni. Kisha akainama zaidi, na sasa na mimi nikaona: jicho la Mjomba Kingori lilikuwa na ukungu uleule.

"Kingori. Umekuwa ukikata nyama namna gani?"

"Kwa kupapasa," Kingori akasema. "Niambie watu sioni? Wewe uliona vile walicheka Chaka."

Hasira yote ilimtoka baba, niliiona ikitoka. Akachukua glasi, akaimwaga kwenye nyasi, akamimina maji matupu. Akakusanya paketi zote za Kingori akazitia kwenye koti lake mwenyewe. "Jumatatu tunaenda kliniki," akasema. "Na kwanza tutapitia kwa Judy."

Bahati mbaya mama alikuwa anapita. Alimwona baba akitia paketi mfukoni, na hilo lilimtosha. Alifika na karai la kunawia mikono mikononi, akaliweka chini, akaingiza mkono kwenye koti, akazitoa zote.

"Hizi ni za kaka yako!" baba akasema.

"Kila siku ni za kaka yangu!"

"Ni zangu, dada," Kingori akasema. "Kweli."

Mama hakungoja. Alizichana zote kwa meno na kuzimwaga ndani ya karai, na karai lile lilikuwa na maji. Povu likapanda, likavuka ukingo, likaanza kutembea kwenye nyasi. Na hapo ndipo wakwe walipofika kunawa, wakiongozwa na Mzee Gatobu, amu yake Kithinji.

Mzee Gatobu alisimama akalitazama povu. Akatutazama sisi, tuliokuwa tumeganda. Kisha akavua kofia yake, akaiweka kwapani, akakunja mikono ya shati, na akatumbukiza mikono humo kwa heshima kubwa. Wengine wakapanga mstari nyuma yake.

"Usiseme kitu," baba akaninong'oneza. "Waache wanawe."

Miezi ikapita. Tulipoalikwa kwao Meru, magari yalipoegeshwa tu, wasichana wawili walitoka nyumbani wamebeba karai, wanatembea kwa uangalifu ili povu lisimwagike. Mzee Gatobu alituambia kwamba wao pia wanajua kuheshimu mila za wageni. Mama alimtazama baba, baba akamtazama mama. Tukanawa sote.

Kisha wakamwomba baba awakatie mbuzi, kwa kuwa sifa zake zilishafika huko. Baba akatoa gazeti kwenye koti, akalifungua taratibu, akakishika kisu kwa upande wa makali na kumnyooshea Kingori mpini, Kingori ambaye jicho lake lilikuwa limetoka kwenye bandeji wiki chache tu zilizopita.

"Kata wewe," baba akasema. "Mimi nione."